Chungu Kimoja

Kindu, mwanzo wa mvua

Mudogo wangu Zuhura,

Amani ya Mungu ikukute wewe, mama na watoto hapo Kabambare. Sisi huku tungali tunapumua. Bibi yangu Mwamini, mama ya watoto wangu, alipona malaria, watoto wanasoma, na mimi ningali kwenye atelye ya reli, ninatengeneza mabehewa yaleyale ya zamani.

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa dereva wa kamyo, imelowana pembeni lakini inasomeka. Unasema munganga wa dispensere alimupima mama, akakuta iko na tansio, damu inapanda, akakataza chumvi. Ni vizuri ulimusikiliza. Lakini pale uliandika, "Nimemununulia mama sufuria yake ndogo, sasa tunamupikia mbali," nilikaa chini. Zuhura, tangu baba alikufa mikononi mwangu hapa Kindu, kuna jambo sikuwaambia. Niliwaandikia kwamba hakukosa kitu. Nilidanganya.

Unakumbuka baba alikuja kwangu juu ya kichwa chake kilikuwa kinamuuma na macho yalikuwa yanaingia giza. Munganga wa huku alisema maneno yaleyale: apunguze chumvi, aache makayabu, wale samaki wa chumvi, aache kube ya kukoleza muchuzi. Nilishika maneno yale kama askari anavyoshika amri. Nikamutuma Mwamini anunue sufuria ndogo. Majani ya sombe ya baba yakapikwa mbali, bugali yake ikawekwa kwenye sahani yake. Sisi na watoto tukaendelea kula kwenye sinia moja, samaki wetu wa chumvi katikati.

Mwanzoni baba hakugomba. Alikuwa anatuhadithia vile mama ya mama yake alikuwa anachoma majani ya kando ya muto, anachuja majivu, anapata chumvi kidogo ya kufunga kwenye jani.

"Mugeni akifika, ile chumvi njo ilikuwa inafunguliwa," alisema. "Sasa mimi ni mugeni gani, anayefichwa chumvi?"

Mwamini alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi moja tulitoka Salongo, kazi ya usafi ya mutaa, na njaa, tukaketi kula. Baba alisogea polepole, akanyoosha mukono, akachovya tonge lake kwenye muchuzi wetu. Nilimushika. Zuhura, nilishika mukono wa baba yangu mbele ya wajukuu wake, nikamutoa tonge kwenye vidole.

"Munganga alikataza," nilisema.

Aliutazama mukono wake, kiisha akanitazama mimi. "Ramazani, mukono huu njo ulikulisha."

Watoto waliacha kutafuna. Sikuomba radhi. Tangu siku ile baba alikuwa anakula mulangoni, ametugeuzia mugongo.

Kiisha akaanza kutoka. Saa sita ikifika anabeba fimbo yake, anasema anaenda kunyoosha miguu, na sahani yake inabaki imejaa. Mwamini aliniambia, "Baba anakula kwa watu." Nikajibu, "Ni mutu mukubwa, shauri yake." Hayo pia nilisema.

Siku moja nilikuwa nimerudi nyumbani mchana, Mama Aziza akaja anakimbia bila viatu. Ni mujane anayeuza samaki bandarini, nyumba yake ni ya tatu toka kwetu. Baba alikuwa ameanguka kwake. Nilimukuta kwenye mukeka, mudomo umepinda, mukono wa kuume umelegea kama kitambaa. Ndio ule mukono. Aliishi siku tatu, hakutoa tena sauti, lakini macho yake yalikuwa yananifuata nikiingia na nikitoka.

Matanga yalipokwisha nilimuendea Mama Aziza na hasira, nikamuuliza kwa nini alimulisha makayabu baba yangu mugonjwa. Hakupandisha sauti.

"Ugonjwa wake hakuniambia," alisema. "Lakini baba yako alikuwa anakula matonge mawili, matatu tu. Kiisha anaacha mukono wake kwenye sinia, pamoja na mikono ya watoto wangu, anazungumuza nao mpaka chakula kiishe. Nilimuuliza siku moja, kwenu hakuna chakula? Akajibu, 'Chakula kiko. Watu njo hakuna.'"

Tangu pale, Zuhura, sina raha ya kula. Kila saa ya kula ninaona mugongo wake pale mulangoni, na shati yake ya rangi ya majivu. Sisemi kwamba ni mzimu. Ninasema ninauona. Mwamini naye, akibeba sinia anapita pembeni ya mulango, kama mutu anayeogopa kukanyaga nguo ya mwenzake.

Kwa hiyo ninakuomba, ile sufuria ya mama uiondoe. Chumvi msimupunguzie peke yake, mupunguze wote. Pikeni chungu kimoja. Makayabu muyaache, mununue samaki mubichi. Mwamini sasa anatia ndimu, tangawizi, kitunguu na pilipili, na chumvi anaishika kwa vidole viwili, haimwagi tena na kijiko. Wiki za kwanza watoto walinuna. Leo wakila kwa watu wanarudi wanaomba maji, wanasema chakula kilikuwa na chumvi kali. Na dawa za munganga mama azimeze, na umurudishe kupimwa. Munganga hakukosea. Aliyekosea ni mimi.

Umusalimie mume wako, na shangazi yetu mushona mikeka, na mwalimu wetu wa kisomo kama angali na nguvu. Mama umupe mukono wangu kwa mikono miwili.

Barua hii umusomee yote, usiruke pale nilipomushika baba. Atauliza, ninamujua, alikula nini siku ya mwisho. Usimufiche. Umuambie alikula na watu, na hatukuwa sisi.

Ni mimi kaka yako,
Ramazani