Miguu ya Vitaa

Kitengela, Jumanne, Machi 2006

Bado nina hasira na Otieno, na sijamwambia.

Wiki mbili nimepanga vitaa sitini na nne vya LED kwenye plaiwudi, kila kimoja wima tunduni mwake, ili herufi zitakazowaka juu yake zisomeke. Ijumaa tunapeleka ubao huo Kajiado kwa mashindano ya sayansi. Leo nilienda kuazima solda ya kuunganishia nyaya kwa fundi wa redio. Kurudi maabara ya shule, nikamkuta mwenzangu Otieno na mkasi.

“Nimekusaidia, msee. Miguu ilikuwa inakaa vibaya, mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mwalimu Deputy angetucheka.”

Alikuwa amevichomoa vyote, akaikata miguu ikalingana. Mguu mrefu ndio chanya! Sasa nitajuaje upande wa kuunganisha? Nilihesabu siku zilizobaki, halafu nikasema, “Ni sawa.”

Kwa nini huwa nasema ni sawa?

Nimebeba vitaa nyumbani. Navijaribu kimoja kimoja kwa betri za redio ya Baba. Kikiwaka, natia alama ya wino kwenye mguu uliogusa chanya ya betri. Nimemaliza thelathini na kimoja.

Vilivyobaki tutavijaribu na Otieno kesho. Kabla sijampa betri, nitamwambia haikuwa sawa.