Masinia Mawili, Mdomo Mmoja

Jumanne, 2 Mei

Nimekubali tena! Mimi Prakop, kinyozi wa miaka hamsini na mmoja, mtu asiyeweza kusema hapana hata akikaribishwa miiba.

Ilikuwa hivi. Namnyoa Mwalimu Samruai, mpiga zumari wa hekalu letu. Nikaropoka tu, maneno ya kinyozi ya kujaza kimya, kwamba tangu utotoni natamani kupuliza kitu. Akageuka ghafla — nusura nimkate sikio. Akasema mwanafunzi wake wa mwisho amehamia Bangkok kuuza simu, na yeye sasa ana sabini na minne, mashavu yamelegea.

"Wewe mashavu unayo," akasema. "Lete sinia Alhamisi."

Nilitaka kusema filimbi. Ile ya mwanzi, laini, ya kupuliza barazani miguu ikiwa juu. Sikusema. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Alhamisi, 4 Mei

Nimepeleka sinia la kumwomba anipokee. Maua, ubani, mishumaa, kitambaa cheupe. Nikapiga magoti. Mwalimu akanishika vidole, akavipanga kimoja kimoja juu ya matundu ya zumari. Basi, imekwisha. Ukishashikwa vidole hivyo una mwalimu, na kwenda kwa mwingine bila ruhusa yake ni kumtemea mate usoni. Hapa Amphawa hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Akasema ni miaka minne sasa hakuna mtu aliyempigia magoti. Nikaona haya, maana muda wote huo mawazo yangu yalikuwa kwenye filimbi.

Jumatano, 10 Mei

Jumatano hakuna anayenyoa nywele, ni mkosi. Duka limefungwa, mimi nina somo. Saa nzima mrija na glasi ya maji! Unapuliza mapovu huku unavuta pumzi kwa pua, na mapovu yasikatike. Yangu yalikatika mara arobaini. Maji yakaniingia puani. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanipa zumari nikafanye mazoezi nyumbani.

Jumapili, 14 Mei

Leo nimeumbuka.

Nilipuliza uani baada ya chai. Sauti ya bata anayekabwa. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mke wangu Chalao akasema afadhali ningerudia sigara. Haikupita nusu saa, hodi! Shangazi Thongbai wa nyumba ya tatu, kavaa nyeusi tupu, kashika sufuria ya uji wa mchele, machozi yako tayari. Akanong'ona, "Pole, mwanangu. Ni mama?"

Maana zumari mtaani kwetu husikika siku ya mazishi, maiti inapochomwa.

Mama akachungulia dirishani. "Bado, Thongbai. Lakini huo uji usirudi nao."

Tulicheka sote. Kisha, akiwa mlangoni, Shangazi akasema jambo ambalo halijanitoka. Kumbe ametokea kwa jirani yetu, Mzee Phian, ambaye mapafu yamemlaza tangu mwaka mpya. Mzee aliposikia zumari alimwambia mkewe: haya, wameshaanza kunifanyia mazoezi. Akageukia ukutani, akakataa kula.

Nimemtisha mgonjwa kitandani kwake. Ukuta mmoja tu kati yetu! Sipulizi tena nyumba hii.

Alhamisi, 18 Mei

Andika, Prakop. Andika kama ulivyofanya, usipambe.

Nimepeleka sinia lingine. Ng'ambo ya mfereji, kwa Mwalimu Orathai anayefundisha filimbi shuleni, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Aliuliza kama inavyopasa: "Kaka, una mwalimu mwingine? Kama unaye, kamwombe ruhusa tu. Nitakusubiri."

Ruhusa tu! Sentensi moja! Mwalimu, zumari inamtisha jirani yangu mgonjwa, niruhusu nijifunze filimbi. Angekataa? Asingekataa. Lakini nikamwona kichwani Samruai akinisikiliza, mzee wa watu, na ile furaha yake ikimtoka usoni kwa sababu yangu — nikasema, "Sina."

Orathai akanishika vidole. Nikapuliza, na filimbi ikatoa sauti mara ya kwanza! Safi, ndefu, nzuri. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Halafu nikakumbuka vidole hivyo vina mwenyewe.

Jumatano, 24 Mei

Nimemtumia Mwalimu Samruai ujumbe wa sauti: jino linauma, siwezi kupuliza. Kisha nikavuka mfereji kwenda kupuliza.

Jumanne, 30 Mei

Mwalimu Samruai amekuja dukani na karafuu. Karafuu, za jino langu!

Akanifumbua mdomo mbele ya wateja, akamulika kwa tochi ya simu. Akasema jino bovu halioni, litakuwa la ndani kabisa. Mteja mmoja akadakia kwamba kinyozi anayezungumza hivi lazima meno yachakae. Wakacheka. Mimi mdomo wazi, natamani ardhi ipasuke.

Halafu akafungua leso. Kilimi kipya cha kuchomeka kwenye zumari, cha jani la mvumo, kimefungwa uzi mwekundu. Amekikwangua siku tatu kiwe chepesi, mdomo unaouma usipate taabu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kidole gumba kilikuwa na plasta mbili.

Nikashukuru. Alipoondoka nikatafuna karafuu zote mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilistahili zaidi ya hapo.

Jumatatu, 12 Juni

Mwalimu alikuja kunyolewa; masomo yetu bado yanasubiri jino langu lipone. Akatangaza, shingo bado ina povu: tarehe ishirini na mbili, kwenye sherehe ya kuwaheshimu walimu, atanikabidhi zumari yake mwenyewe. Ile aliyopewa na mwalimu wake. Kila mwaka huwa anaitazama tu na kuirudisha sandukuni, akasema, mwaka huu ina pa kwenda.

Wateja wakapiga makofi. Mimi nikasema nini? "Ndiyo, Mwalimu."

Jioni nikamsimulia Chalao yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwambie," akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho yako haina tarehe, baba."

Jumamosi, 17 Juni

Sijamwambia. Nilifika mpaka langoni kwake. Alikuwa anafua nguo nyeupe za sherehe, anapiga mluzi. Nikarudi.

Jumatano, 21 Juni

Somo la filimbi. Napiga wimbo mzima sasa, na kila noti inanisuta.

Mwisho wa somo Orathai akanipa karatasi. Orodha ya wanafunzi wapya wa filimbi, kumi na wanne. Kumbe utotoni naye alifundishwa na Samruai! Kwa hiyo kesho kundi lake zima linapita mbele ya mzee, na mzee, kama mkubwa wa walimu wote, atamwita kila mgeni kwa jina na kumpaka alama nyeupe kwenye paji la uso.

"Kaka, si wewe ndiye kinyozi wake? Mfikishie basi, apate kuyazoea majina."

Mimi ni wa saba. Prakop, na jina la ukoo, na umri. Wengine wote ni watoto. Orathai akasema anajivunia kuwa na mwanafunzi mtu mzima, mfano kwa wadogo.

Nikafikiria kumwomba anifute. Hata hapo! Sikuwaza kusema kweli, niliwaza kufutwa. Hivi mimi ni mtu wa namna gani?

Alhamisi, 22 Juni

Asubuhi. Naandika barazani kwa Mwalimu Samruai.

Nimekuja mapema, kabla hatujaenda hekaluni, kumweleza. Njia nzima nilirudia: Mwalimu, nimekukosea. Maneno mawili tu! Nikamkuta keshavaa nyeupe, zumari yake iko juu ya mto, imefungwa hariri. Akafurahi kuniona, hata sijafungua mdomo akanivuta niketi.

Akaona karatasi ya Orathai mkononi mwangu, akasema afadhali nimekuja. Herufi zinamcheza machoni, miwani haisaidii tena, na hajamwambia mtu. Nimsomee majina ya watoto wa Orathai ayashike kichwani, asije akaaibika mbele za watu.

Yeye ndiye anayeogopa kuaibika!

Nikasoma. La kwanza, Phimlada. Akafumba macho, akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. La pili, Thanakrit. La tatu. Nikafika la sita. Hapo wakaita langoni, kichwa cha nguruwe cha sadaka kimefika. Akashuka kukipokea, nami nikatoa daftari hili mfukoni.

La saba ni langu. Naweza kuliruka. Wa nane ni Kanlaya, miaka tisa. Nikimwita Kanlaya wa saba, mzee hatajua. Atajua hekaluni, Orathai atakaposema mbona mmoja hajaitwa, mbele ya wazazi wote, na itaonekana mzee kichwa kimechoka. Sitaweza kufanya hivyo. Au nitaweza? Yote haya nimeyaweza.

Anapanda ngazi. Anayataja yale sita kwa sauti, kwa mpangilio, hajakosea hata moja. Anajisifu kidogo. Ameketi. Amefumba macho.

"Haya, Prakop. Wa saba nani?"

Anadhani nimepoteza mstari. Anasema nisiwe na haraka.

"Wa saba?"

Bado naandika. Nasikia pumzi yake, anangoja, mkono umeinuliwa tayari kuhesabu, na mimi, kidole juu ya jina langu, nafungua mdomo —