Aliyekaa Mlangoni kwa Mkongomani

Zuhura mdogo wangu,

Mimi mzima, ila jua la Houston linatuchemsha kama mihogo. Ijumaa jioni nimemkuta kikongwe wa Kiyahudi kakaa nje ya mlango wa jirani yetu, kapakata mikate na sufuria ya supu. Jirani ni mama Mkongomani, mkimbizi, yuko na wanawe. Akisikia hodi anadhani askari wamekuja kumchukua. Binti yangu akanitafsiria maneno ya kikongwe: watu wa sinagogi lake ndio wanaomtunza jirani, ila leo hafungui, na jua likizama kikongwe haendeshi gari, maana Sabato yao imeingia na dini yake inamkataza.

"Sasa si aondoke?" nikamuuliza binti.

"Anasema hamwachi na njaa. Atarudi kwa miguu."

Kwa miguu! Na magoti yale! Nikagonga, nikapaza sauti kwa Kiswahili, maana Wakongomani wengi wanakijua. "Wewe mama, mimi bibi kutoka Tabora, nina njaa, utaniacha nje?"

Komeo likalia, akatuvuta ndani sote, analia. Jua limezama tunakula. Kikongwe kalala kwetu, kitandani kwangu, na anakoroma!

Na wewe huko umemfungia mlango jirani yako Mama Saidi kwa ugomvi wa ndoo tu! Huoni haya? Mfungulie. Mungu akulinde, mjinga wangu mpenzi.

Dada yako mkubwa