Mkono Shingoni mwa Sylvester

Tabora, 9 Novemba 1974

Shangazi Marcelina, shikamoo.

Mvua zimeanza, nami ni mzima. Jumanne nikiwa zamu kwa wagonjwa mahututi, aliletwa mwanamume aliyekatwa panga shingoni na watu waliogoma kuhamia kijiji kipya. Damu ilirukia ukutani. Mafunzo yote yalinitoka kichwani, maana alikuwa Sylvester, yule mgambo aliyempiga kaka Raymundi mpaka akafa.

Sista Kuluthumu, mkubwa wangu wa zamu, aliukamata mkono wangu akaushindilia jerahani.

"Bana hapa, Tekla! Ukiachia, anakufa."

"Huyu alimuua kaka yangu."

"Nimekusikia. Bana."

Nilibana mpaka daktari alipofika.

Sasa amezinduka, na mimi ndiye ninayemlisha uji. Tafadhali, mama asijue kwanza.

Mwanao, Tekla