Faili la Juu Kabisa

"Nani kakwambia uguse kompyuta yangu?" Shoga, binti yangu ananifokea hivyo, na mimi bado nimeganda kwenye kiti chake.

Sikuwa napekua, naapa. Kompyuta ilikuwa inajikokota, fundi wa ofisini akanishauri nijaribu eneokazi jingine jepesi, yaani skrini inabadilika sura yote. Nikaliweka ili nimfurahishe binti.

Kumbe hili jipya likiwaka tu linakuwekea mbele mafaili yaliyofunguliwa karibuni.

La juu kabisa: BARUA KWA BABA.

"Baba, naomba nije kuishi kwako. Mama ananipenda, ila kwake hata kupumua ni kwa ratiba."

Kwa ratiba! Mimi!

Nikamuuliza, "Mbona hukuituma?"

Sauti ikamshuka. "Ungebaki na nani, mama?"

Akaniambia ni miezi minne anaifungua na kuifunga. Mtoto wa miaka kumi na sita ananionea huruma mimi! Mimi!

Nimelia mbele yake, shoga. Kisha nikapangusa macho, nikasahihisha maneno mawili aliyokosea, nikamwambia, "Naituma."

Nimeituma. Hakunizuia.