Dirisha la Saa Saba

Jumatatu, 2 Septemba
Saa saba mchana. Nyuzi thelathini na saba. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, kama Baba alivyokuwa akifanya. Kipimo cha joto ni kile kile, msumari ni ule ule, kwenye ukuta wa chumba cha Mama. Daftari la Baba, tarehe kama ya leo, mimi nikiwa darasa la pili: ishirini na tisa. Nyuzi nane zaidi! Waje sasa wapumbavu wanaosema mji wetu wa Uvira umekuwa na joto siku zote.
Mama alilalamika tena. Nilimwambia asubiri nimalize kupima.

Jumatano, 4 Septemba
Nimegombana na Kiza, jirani yetu, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani. Nilimwekea madaftari mawili mezani, la Baba na langu. Hata hakuyafungua.
"Profesere, joto ni ile ile. Yenye ilibadilika ni weye. Ulinona."
Wateja wakacheka. Nikamwambia nimesoma vitabu vingi kuliko ndagala alizouza. Wakacheka zaidi. Tutakutana redioni Jumanne, kwenye mjadala wa joto. Nitamchuna ngozi.

Ijumaa, 6 Septemba
Thelathini na nane. Nimefurahi. Ndiyo, kila nyuzi inayopanda inanifurahisha. Mji mzima unahema, mimi nafurahi.
Hotuba iko tayari. Simwachi mtu: viwanda vya ng'ambo na moshi wao, wachoma makaa walioivua milima nguo, wakubwa wanaogawa viwanja hadi kwenye mikondo ya mito.
Mama hakula.

Jumapili, 8 Septemba
Nilimsomea Mama hotuba. Alisikiliza akiwa amefumba macho.
"Baba yako alikuwa anafunga dirisha sababu ya vumbi," akasema. "Lakini nyumba ilikuwa ya majani. Na mu ile chumba hamukuwa muntu. Sisi wote tulikuwa inje, chini ya ule muti wenye ulikata."
Mparachichi. Baba alipanda miwili siku moja, mmoja wetu, mmoja akampa baba yake Kiza. Wa kwao upo. Wetu niliukata ili nijenge vyumba vya kupangisha. Mwaka huo huo niling'oa majani, nikaezeka mabati. Vyumba vile vimeziba upepo wote wa ziwa.
Nilimwambia Mama kwamba amezeeka, anachanganya mambo. Uongo. Hajachanganya lolote.
Sibadilishi hata neno moja. Kiza hana kichwa cha kuuliza hayo.

Jumatatu, 9 Septemba
Mama alifungua dirisha saa sita. Vipimo vya leo vimeharibika. Nilimpigia kelele, mimi mwenye mvi, mbele ya wapangaji wangu. Kisha nikapigilia ubao kwa nje.

Jumanne, 10 Septemba
Nimeshinda.
Saa nne asubuhi, kabla ya kutoka, Mama alisema: "Toa ule ubao leo tu, mwanangu. Minye niko naungua." Nikasema nitarudi saa saba. Nikafunga mlango kwa ufunguo.
Redioni Kiza alibabaika. Nilimwuliza kipimo chake kiko wapi. "Ngozi yangu," akajibu. Nikamcheka mji wote ukisikia. Hakuuliza habari za mti. Aliondoka kabla kipindi hakijaisha. Mimi nilibaki kupokea simu za pongezi, kisha bia na mtangazaji, kisha bia nyingine. Nilirudi saa tisa.
Ubao umeng'olewa. Dirisha limevunjwa. Kitanda kitupu.
Kiza aliporudi kwake alimsikia Mama akigonga ukuta. Akachukua shoka. Akamtoa dirishani, akambeba mgongoni hadi chini ya mparachichi wake. Nilimkuta hapo, mke wa Kiza akimmwagia maji miguuni, muuguzi wa mtaa amemshika mkono. Anapumua. Nilimwita. Hakuitika.
Nilisubiri Kiza anitukane. Alisema tu: "Mama iko napumuzika. Usiseme sana."
Heri angenipiga.

Alhamisi, 12 Septemba
Mkono wa kushoto wa Mama hauinuki. Muuguzi anasema huenda ukarudi, huenda usirudi.
Nilikwenda kumchukua nyumbani kwa Kiza. Alikataa. "Minye nabakia hapa." Hakunitazama. Alisema akiwa ameuelekea ukuta.
Sokoni mtu alinishika mkono: "Profesere, ile siku ulimumaliza kabisa!" Nilimshukuru. Nilimshukuru! Ulimi wangu haujui aibu.

Ijumaa, 13 Septemba
Sikupima.

Jumapili, 15 Septemba
Saa saba. Nilikitoa kipimo kwenye msumari, nikakipeleka kwa Kiza. Nilikitundika kwenye tawi, juu ya mkeka wa Mama. Hakuna mabati. Hakuna ukuta. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita. Nikasubiri.
Thelathini na tatu. Chini ya mti wa Baba mwenyewe, nyuzi nne juu ya daftari lake.
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Si mabati peke yake. Uvira inaungua kweli.
Kiza alikuwa ameketi kando ya Mama, anampepea kwa kifuniko cha sufuria. "Inasema nini, Profesere?"
Nilikitia kipimo mfukoni. "Haisemi kitu."
Akanipa kifuniko, akaenda kuanua ndagala zake. Nilikaa mahali pake. Mama alifumbua macho, akaniona, akayafumba tena. Niliendelea kupepea mpaka jua likaingia nyuma ya milima.