Kitabu Hakipo

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wanao, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Huku tunaendelea. Mama anakula vizuri kuliko ulivyomwacha baada ya mazishi, ingawa bado anamimina vikombe viwili vya chai asubuhi, na mimi nakunywa cha pili. Mimi sijambo kwa mwili.

Uliuliza kwenye barua yako kwa nini Baba alikuwa kimya vile miezi yake ya mwisho, na kama kulikuwa na jambo alilotaka kusema. Nimechelewa kukujibu kwa wiki tano. Si kazi iliyonizuia. Jibu ninalo, ila nilikuwa sijui niliandike kuanzia wapi.

Nianze na nyumba. Jana nilikuwa nafagia ukumbini nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukiimba bafuni kwa sauti ya kukwaruza ili watu wajue kuna mtu ndani. Mama alikuwa akisema kwamba nyumba hii mwizi akija ataona haya, atapiga hodi. Hatukuwa na komeo hata moja wala kitasa chenye ufunguo, mpaka mlango wa mbele ulikuwa ukifungwa kwa kiti. Tulidhani ni vituko vya Baba. Kila mzee ana chake.

Sasa nikupeleke maktaba. Mwaka jana mkuu wetu alianzisha mkutano wa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akauita Tujue Jimbo Letu. Kuna kitabu cha historia ya jimbo, kinene, cha sura kumi na mbili, kilichochapishwa zamani. Nakala iliyobaki ni moja tu, ya kwetu. Kwa kuwa kurasa zake zimechakaa, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutoa fotokopi ya sura moja kila mwezi. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye wote tunamwita Miwani, anaisoma kwa sauti, kisha wazee wanaongeza wanayokumbuka. Sura ya wachoraji wa zamani tuliisoma saa tatu nzima, maana kila mmoja alikuwa na babu aliyechora. Sura ya reli iliwagombanisha wazee wawili ambao hadi leo hawasalimiani. Ilikuwa kazi nzuri, Dada. Nilijiona nafanya kitu.

Baba hakukosa hata mara moja. Alikuwa akivaa lile koti la kijivu na kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mbele yake alikuwa akikaa mama mmoja fundi cherehani, mwenye sindano zimechomekwa kifuani hata siku za mapumziko. Huyo naye hakukosa. Kila sura ikimalizika alikuwa akimuuliza Miwani swali lilelile: sura ya viwanda ni lini? Mdogo wake alikufa kwenye moto wa kile kiwanda cha nyuzi, mwaka ule ambao wewe ulikuwa na miaka tisa na mimi mitatu.

Sura ya viwanda ni ya saba. Nilipokuwa naitayarisha, nilisoma kwamba siku ya moto, saa nane mchana, mlango wa upande ulikuwa na kufuli, kwa amri ya meneja, ili wafanyakazi wasitoke kabla ya muda. Watu ishirini na watatu walikutwa nyuma yake. Kitabu kinasema ufunguo ulipofika ulikuwa hauna kazi tena. Halafu kuna picha ya wafanyakazi iliyopigwa mwaka mmoja kabla. Pembeni amesimama kijana mwembamba na pete kubwa ya funguo kiunoni, na sikio lake la kushoto limekatika ncha, vilevile unavyolijua. Chini yake pameandikwa: mtunza funguo.

Sisi tuliambiwa Baba pale kiwandani alikuwa idara ya kufunga mizigo, na kwamba siku ile alikuwa nyumbani anaumwa.

Nilikaa na picha ile mpaka chai yangu ikapoa. Nikawaza Baba akiwa kwenye kiti chake, fundi cherehani akiwa mbele yake, fotokopi ya ile picha mikononi mwa watu thelathini. Nikakichukua kitabu nikakipeleka chumba cha kukarabatia vitabu, nikakifunika kwa magazeti chini ya meza ya gundi. Kabla ya kukificha nilitoa nakala za sura ya nane hadi ya mwisho. Kwa Miwani nikasema mchwa wamekila, sura ya saba haisomeki.

Ndiyo, Dada. Ni mimi niliyekificha, na niliona namhifadhi mzazi wangu. Lakini hilo si lote ninalotaka kukuambia.

Jumamosi ile Baba alikuja na shati alilolipiga pasi mwenyewe. Miwani alipotangaza kwamba tunairuka sura ya saba, fundi cherehani alisema, "Mchwa hao nao wamesoma, mpaka wakachagua sura?" Watu wakacheka. Baba alisimama. Nilidhani anatoka nje. Alisimama tu, ameshika mgongo wa kiti cha yule mama, kisha akakaa tena kama mtu aliyesahau alichosimamia. Tukasoma sura ya nane, ya nyimbo za kazi. Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimewahi.

Nikueleze utaratibu wetu, maana jambo lenyewe limelalia hapo. Msomaji akitaka kitabu cha stoo, hajichukulii. Anajaza fomu pale mapokezi. Fomu inakatwa vipande viwili. Cha juu, chenye jina lake na sababu ya kuomba, kinabaki kwenye faili la mapokezi. Cha chini, chenye jina la kitabu tu, kinaletwa kwangu stoo. Nikikosa kitabu naandika neno moja, narudisha kipande. Baada ya Jumamosi ile, kile kitabu kiliombwa mara tatu. Nilidhani ni Miwani, au yule fundi. Mara zote tatu niliandika: hakipo.

Kisha kifua cha Baba kikaanza, na mengine unayajua. Jambo moja sikukuambia. Siku ya mwisho aliyoweza kuongea hospitalini aliniuliza, "Kile kitabu chenu kimerudi?" Nilidhani ananiuliza habari za kazi ili tupitishe muda. Nikamwambia bado, Baba, kimeliwa na mchwa. Akanitazama sana, akasema, "Basi." Akageukia ukutani.

Wiki moja baada ya wewe kuondoka, mama wa mapokezi alikuwa anapanga mafaili ya mwaka. Akaniletea vipande vitatu vya fomu, akanipa pole tena, akasema huenda ningependa kubaki na mwandiko wa mzee. Ulikuwa mwandiko wa Baba, zile herufi zake zinazolala kama nyasi zenye upepo. Kwenye sababu ya kuomba, fomu ya kwanza aliandika: kusoma. Ya pili: kusomwa mkutanoni. Ya tatu aliandika: kisomwe nikiwepo.

Alikuwa akiingoja sura ya saba, Dada. Alikaa nyuma ya mgongo wa yule mama miezi sita akiingoja, ili ikisomwa asimame aseme ni yeye. Mimi nikamfungia.

Ijumaa iliyopita nilikitoa kitabu chini ya meza ya gundi, nikakipeleka kwenye chumba cha yule mama cha kushonea. Nilimwambia yote: mtunza funguo ni nani, aliyekificha kitabu ni nani. Alizima redio. Alisoma ukurasa wote kwa kidole, polepole, akaitazama picha, akauliza kama huyu ndiye yule mzee wa koti la kijivu aliyekuwa akimshikia mlango kila Jumamosi ya mkutano. Nikasema ndiye. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliniuliza neno moja tu.

"Waligonga?"

Sikuelewa. Akaniambia kwamba kwa miaka thelathini na minne hajataka kumjua aliyefunga, maana waliofunga ni wengi. Anataka kujua kama mdogo wake alifika mlangoni akagonga, au moshi ulimwahi palepale kwenye mashine yake. Akasema mtu aliyekuwa upande wa pili angejua. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona. Nikaondoka na kitabu.

Kimerudi kwenye rafu. Miwani amekubali sura ya saba isomwe Jumamosi ya kwanza ijayo, na mimi nitasimama niseme ninayoyajua. Mama nimemwambia, alisema alijua ya funguo, akaomba nisimuulize zaidi, na sitamuuliza. Lakini swali la yule mama sina jibu lake, na aliyekuwa nalo tumemzika.

Ndiyo maana nakuuliza wewe. Uliwahi kunisimulia kwamba siku Baba alipong'oa makomeo yote, Mama alikuwa amenipeleka kliniki, na wewe ulibaki naye peke yako. Ulikuwa umeshika kikombe, yeye akidondosha skrubu humo. Ulisema alipofika mlango wa bafu aliacha kazi, akauwekea sikio ubao, akakaa hivyo muda mrefu, akisema maneno kwa sauti ndogo. Tulikuwa tukicheka tukikumbuka, tukisema alikuwa akizungumza na mchwa.

Alikuwa akisema nini, Dada? Jaribu kukumbuka. Hata kama ni neno baya, niandikie. Fundi ana miaka sabini na moja, na huja maktaba kwa miguu.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anasema uvae soksi. Koti la Baba nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na mlango nimeuacha wazi.

Mdogo wako,
Kiroboto